Mzee Hapana na Mstari wa Herufi Arobaini

Marehemu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Hapana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Mama yake alisimulia kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki". Ndugu zake hawakuwahi kulitilia shaka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari ya ufundi mwaka 1980. Hisabati alifaulu vizuri sana. Jiografia alifeli, kwa kuwa alikataa kupaka rangi ramani ambayo, kwa maoni yake, ilieleweka bila rangi.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika karakana ya vifaa vya hospitali, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye dirisha moja lisilofunguka. Humo, miaka ya baadaye, aliandika programu yake ya kompyuta. Haikuwa na picha wala vitufe: uliandika amri, ukataja faili la mwongozo wa mashine, nayo ikakutolea maandishi matupu yaliyosomeka kwenye kompyuta yoyote kuukuu. Mafundi waliipenda, kisha wakaanza kuomba. Huyu alitaka pambizo, yule vichwa vya habari kwa herufi kubwa, mwingine nafasi kati ya aya.

"Hapana," alijibu. "Leo pambizo, kesho mtaniomba maua."

Mkuu wake alimwandikia barua rasmi. Marehemu aliipitisha kwenye programu, akairudisha bila nembo na bila cheo.

Tarehe 17 Desemba 1988 alimwoa mwalimu wa watoto wasioona, wakajaliwa mabinti wawili. Walipendana, lakini ugomvi wao mmoja ulidumu miaka tisa. Mwaka 2014 shule ilipata mashine ya kuchapa nukta nundu, ambayo mstari wake ulibeba herufi arobaini tu. Programu ya marehemu, ambayo mwalimu aliitumia kuandaa vitabu vya kuchapwa, ilitoa themanini. Basi mwalimu alikaa sebuleni akikata mistari kwa mkono, kitabu kizima cha sayansi, wanafunzi kumi na wanne wakimngoja.

"Baba watoto, niwekee chaguo moja tu, la upana wa mstari."

"Kata kwa mkono, mama. Likiingia moja, yataingia yote."

"Wenzao wanaoona wako sura ya kumi na moja! Wangu wako ya tatu!"

"Hapana."

Jamani, mtu huyu! Jirani akiugua, yeye ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali bila kuombwa mara mbili. Lakini kwa hilo alikuwa jiwe, na kila mwaka darasa lilifika kwenye mtihani likiwa na nusu ya kitabu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Alilazwa mara nne, kompyuta mapajani, na kila mkewe alipoingia wodini aliifunga upesi.

"Unaumwa, na bado unanificha kazi!" mwalimu alimfokea.

"Pole, mama," alisema.

Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Jumamosi mwalimu aliwasha kompyuta ile kutafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi. Akaikuta programu, akaiandikia amri ya msaada, ile inayoorodhesha inachoweza kufanya. Machaguo yote yalikuwemo: pambizo, vichwa vya habari, nafasi kati ya aya. La mwisho lilikuwa upana, na maelezo yake: "Idadi ya herufi katika mstari. Usipotaja, ni 40. Mke wangu aliomba hili mwaka 2014. Alikuwa sahihi."

"Si angeniambia!" mwalimu alilia. "Miezi minane nimekaa kando ya kitanda kile, si angefungua tu mdomo!"

Jana asubuhi kitabu cha sayansi kilichapwa, sura zote kumi na nne.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, ndugu wanne, na mafundi ambao tayari wanauliza kama pambizo inaweza kuongezwa kidogo.

Mungu ampe pumziko jema. Mjane wake bado amemkasirikia, na ameomba hilo lisomwe mbele ya jeneza.