Bomba la Kijani la Jonasi

Baada ya Idi, kahawa ya mchuuzi Amiri ilirudi mchana, na benchi la mbele ya fundi baiskeli pale Nachingwea likajaa tena. Ulikuwa mwisho wa mwaka 2002. Mawingu yalijikusanya upande wa Ruangwa bila kushuka, na redio za mji mzima zilikuwa bado na habari moja: kule Mombasa watu wameirushia ndege ya abiria makombora mawili ya begani, yakakosa. Aliyefaidi habari hiyo kuliko wote ni Selestini, aliyejiita Komando. Ujanani alikuwa kibarua wa kupakua mizigo kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, na tangu hapo mizigo ile imekuwa ikinenepa kila anapoisimulia. Waliokuwa naye kambini walishahama au walishazikwa, kwa hiyo hakuna wa kumbishia.

— Yamekosa kwa sababu wamekurupuka, — Komando alisema, akipuliza kikombe. — Kombora lile lina adabu zake. Halilazimishwi. Lenyewe linanusa joto la injini, likishalipata, hata ndege ikate kona vipi, linalo.

— Anayenusa ni mbwa, — akasema Mikidadi, mwenye karakana, waliyemwita Rada kwa sababu habari za watu alizipata kabla hazijatokea.

— Basi hilo ni mbwa wa chuma.

— Na kwenda juu linafika wapi? — aliuliza Ticha Wenceslaus, mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukoba aliyeletwa kwa muda akasahauliwa huku.

— Ndege ikiwa juu kabisa haliipati. Ikishuka tu, wamekwisha. Ndiyo maana Mreno alikuwa anapita kule juu, unamwona kama nzi.

— Mimi nimesikia likikosa linageuka kumtafuta aliyelirusha, — Rada akasema.

Komando hakupenda kupitwa.

— Linageuka. Tena lipo lililomfukuza jamaa mmoja kutoka hapa mpaka Mnero. Alikuwa na homa.

— Homa?

— Malaria, Ticha. Joto ni joto. Amepona kwa kujitosa kisimani.

Amiri alicheka mpaka akamwaga kahawa. Ticha hakucheka.

— Ulisema mengine wapiganaji waliyafukia ardhini walipoondoka. Hayo si hatari?

— Hatari gani? Lina betri yake lile. Likikaa chini miaka yote hii, limekufa kama tochi. Nimeshawaambia watu hapahapa: hata ulipige nyundo, halisemi kitu.

Alikuwa bado ananyoosha kikombe aongezewe alipotokea mwanamke anayehema, miguu imejaa vumbi jekundu. Rada alimfahamu: Makrina, mke wa Jonasi, wanaolima ng'ambo ya uwanja wa ndege, kwenye mahame ya ile kambi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Kaa upate kahawa.

— Sikai. Namtafuta Komando.

— Ndiye mimi, — Komando akasema, kifua mbele.

— Baba, mume wangu jana amefukua bomba shambani. La kijani, refu kuliko mchi, lina kamkanda kameoza. Leo ameazima msumeno. Tumeezeka bati juzi, anataka alipasue kwa urefu apate mfereji wa kukinga mvua. Nimemwambia aliache. Anasema amesikia hapa, kwako wewe, kwamba likikaa ardhini linakufa.

Amiri akaliweka chini birika la kahawa.

— Mimi sikusoma, — Makrina akaendelea. — Nimekuja kuuliza tu. Limekufa kweli?

Komando alifungua mdomo, ule mdomo usiowahi kukosa neno tangu wamjue, na kichwani hakuona kitu ila makasha ya mbao yenye vishikio vya kamba. Aliyashusha kwenye lori, akayafikisha mlangoni, askari akayapokea. Kilichokuwa ndani hakukiona hata siku moja.

— Ni tupu, au lina kitu? — Ticha aliuliza kwa sauti ya chini.

— Zito. Kama ndoo ya maji.

Ticha akasimama, akashika njia ya polisi bila kuaga, mwendo wa nusu kukimbia.

— Rudi ukamwambie aache, — Komando akasema.

— Nimemwambia mpaka nimelia. Watoto nimewaacha kwa jirani. Hanisikilizi mimi, baba. Anakusikiliza wewe.

Rada, bila kuulizwa, akaipindua baiskeli ya mteja aliyokuwa akiitengeneza, akaisimamisha kwa magurudumu yake.

— Haina breki, — akasema.

Komando akapanda, Makrina akakaa nyuma. Walikatisha kwenye nyasi za uwanja wa ndege. Njia nzima Komando alikuwa anatafuta la kusema. Akimwambia Jonasi ni zima, ataulizwa amejuaje. Akimwambia hajui, kijana ataona anatania; Komando asiyejua kombora, nani atakubali? Alikanyaga pedali mpaka magoti yakamuuma.

Kwenye mikorosho wakausikia msumeno. Ulikwenda na kurudi, bila haraka, kama wa mtu anayefanya kazi yake vizuri. Komando aliiangusha baiskeli. Alitaka kupiga kelele, akaogopa kuushtua ule mkono.

— Jonasi, — akaita taratibu. — Baba, acha kwanza.

Msumeno ukanyamaza. Jonasi akainua uso wenye jasho, ukachanua. Bomba lilikuwa limelazwa juu ya vinu viwili vilivyopinduliwa, na mkato ulishang'aa.

— Nilijua tu utakuja, mkubwa. Limekaza hapa kati. Shika upande huo, wewe umelizoea.

Na kabla hajajibiwa, akaurudisha msumeno kwenye mkato.