Mama Brigitte Mbelu Nkulu (1968–2025) na Jalada Ambalo Hakulifuta

Mama Brigitte alizaliwa Kamina tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa baba yetu, Tata Baudouin Nkulu. Alisomea huko huko, akapata diploma ya ualimu mwaka 1988. Mimi, Ndaya, ni mdogo wake. Utotoni alinifundisha kusoma kwa nguvu, na bado nina kinyongo kidogo.

Mwaka 1990 alikuja Kolwezi kufundisha watoto wa shule ya maternelle, yaani chekechea, mtaani Dilala. Tarehe 3 Agosti 1991 alifunga ndoa mtaani Manika na Tata Polycarpe Tshiamala, fundi wa magari, mtu mpole kuliko yeye.

Mwaka 2021 shule ilipata tableti. Kila mtoto akafunguliwa jalada lake humo: picha za michoro yake, na sauti yake akieleza alichochora. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, tableti ililia kumkumbusha mwalimu majalada yasiyokamilika. Tangu mwezi wa kwanza, kila picha ilitoka na kidole gumba cha Mama Brigitte pembeni. Tulimcheka sana.

Februari 2023, malaria ilimchukua Mignonne, mwanafunzi wake wa miaka mitano. Mama yake, Rachelle, alikuja shuleni akilia: "Mwalimu, ufute yote. Mi siwezi sikia tena ile sauti." Mama Brigitte akaitika. Hakufuta. Aliniambia, "Ndaya, nilitaka kufuta, mukono ukakatala."

Mwaka uliofuata Rachelle alirudi na kuuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, ile sauti ingali iko?" Dada yangu aliona haya kwa uongo wa kwanza, akasema wa pili: haiko tena. Ninalisema jambo hili hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba. Tangu hapo, kila Ijumaa tableti ililia na kuonyesha jina moja ambalo jalada lake halingekamilika kamwe: Mignonne. Hakuizima, wala hakuthubutu kulifungua jalada. Alikaa nayo mapajani hadi chakula kikapoa.

Kisukari kilimlaza Aprili mwaka huu. Siku ya mwisho alinishika mkono: "Mumurudishie Rachelle mutoto yake." Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri.

Nililifungua jalada mimi. Kuna mchoro wa mtu asiye na mikono, na pembeni kile kidole gumba. Halafu sauti mbili, ya dada na ya mtoto.

"Uyu ni nani?"

"Ni mi."

"Na mikono iko wapi?"

"Iko mu mifuko. Kuko baridi. Niko nangoya mama."

Ameacha mume, Tata Polycarpe, watoto wawili, Zéphirin na Tania, wajukuu wanne, nami mdogo wake.

Mama Rachelle, tunajua uko hapa kati yetu. Utusamehe. Tableti ninayo mkononi, imejaa chaji. Leo ni Ijumaa. Ikifika saa nne italia. Njoo umchukue mtoto, amengoja sana.

Nawe dada, mwalimu wetu, upumzike sasa kwa amani.