Kitambaa cha Bomba la Turbo

Tangu Makambako, Rozalia alikuwa amekalia mfuniko wa injini ya Kosta, pale panapobabua abiria mapaja. Leo palikuwa pamepoa, na fundi Gerson, aliyekaa nyuma yake, alijisifu: “Mama, sinzia tu. Jana nimezungushia bomba la turbo, lile la moshi wa injini, kitambaa cha kuzuia joto.”

Walipokaribia Igawa, harufu ikapanda. “Fundi, kuna kitu kinaungua,” alisema mzee Aroni, muuza vitunguu, jirani yake Gerson.

“Kitambaa kipya lazima kitoe moshi, mzee. Siku ya kwanza ni kawaida.”

“Kawaida kinanuka oili?”

“Turbo inavujisha kidogo. Ndiyo maana nikaongeza raundi mbili, kiinyonye.”

Rozalia aliyajua hayo kwa jina moja tu: koroboi. Kitambaa, mafuta, moto; naye ameikalia. Akaanza Salamu Maria, akarudia mwanzo, mapaja yakizidi kupata moto.

Igawa, dereva akakanyaga breki. Gerson alikuwa bado anabisha kwamba ni kawaida, ila sasa alibishia ng’ambo ya barabara, alikokimbilia wa kwanza, na begi lake la spana lilikuwa limebaki miguuni pa Rozalia.