Sahani ya Mtakatifu Martini katika Soko la Pilar

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, Bwana Mkaguzi wa Afya, Ndugu wageni waalikwa, nanyi wachuuzi wenzangu wa Soko la Pilar: Bwana asifiwe! Nimepewa heshima ya kusema kabla lango halijafunguliwa, na kwa kuwa sikusoma sana, nitasema kama ninavyosema kwenye meza yangu ya maharage.

Kilichotufungia ni panya. Walitoboa magunia, walikula jibini, walizaa kwenye dari la wauza nyama, na Bwana Mkaguzi, mtu wa haki, akafunga soko, akatuambia wazi: nikirudi nikakuta kinyesi cha panya, soko hili halitafunguliwa tena. Nani hakulia siku ile? Nani alijua watoto wake watakula nini?

Tukamwita Nilton Yataco, fundi wa kuangamiza panya, mtoto wa hapahapa Chincha. Akaziba mashimo kwa saruji na nyavu za chuma, akainua magunia juu ya mbao, akatega mitego kandokando ya kuta, maana panya hapendi kupita katikati. Wakapungua, kisha wakarudi, wanono kuliko sisi! Nilton akafuata alama za uchafu wao ukutani hadi kwenye altare yetu ya hapa sokoni, na pale, miguuni pa Mtakatifu Martini wa Porres, akakuta sahani: mkate, maziwa, jibini.

Sahani ilikuwa yako, Mama Eduviges; usiinamishe kichwa, hakuna anayekulaumu. Sote tunajua mwanao alipopona ile homa ulimwahidi Mtakatifu kwamba panya wake hawatalala njaa, kwa kuwa hata kwenye sanamu wanakula miguuni pake, sahani moja na mbwa na paka. Ahadi ni ahadi.

"Mama," Nilton akamwambia Mama Eduviges siku ile, "mimi nafunga mashimo, wewe unafungua mgahawa!"

"Na wewe ni nani wa kuwanyima chakula wageni wa Mtakatifu? Nilikupakata mwenyewe ukiwa na kamasi, leo unanifundisha dini?"

"Basi mwambie Mtakatifu aongee na Mkaguzi."

"Ataongea naye, na wewe atakuongezea adabu!"

Wauza samaki, waliokuwa wakikwangua meza zao, walicheka hadi wakaweka visu chini. Mimi sikuweza kucheka, maana niliona soko linatutoka. Nikamwomba, "Dada yangu, hebu tusimulie tena habari ya Mtakatifu na panya." Akasimulia, kama anavyopenda: panya walitafuna mashuka ya wagonjwa katika nyumba ya watawa, Mtakatifu akamshika mmoja kwa upole, akamwambia awaite wenzake watoke wote, waende mwisho wa bustani, naye atawapelekea chakula hukohuko.

"Waende wapi?" nikauliza.

"Mwisho wa bus..." Akaigeukia sahani. "Kwanza aliwatoa," akasema taratibu. "Aliwatoa kwenye mashuka ya wagonjwa."

"Nasi hatuna bustani, mama," Nilton akadakia. "Nje ni barabara tu, na ukiwalisha barabarani watarudi ndani."

"Nyamaza wewe, nafikiri."

Akaichukua sahani kwa mikono yake, akatoka nayo hadi langoni, akawapa wachukuzi wa mizigo waliokuwa wameketi pale na njaa zao. "Mtakatifu aliwalisha pia waliobisha mlangoni," akasema. "Kuleni." Tangu jioni ile wachukuzi wanakula langoni, na panya walipokosa karamu wakaikimbilia mitego. Bwana Mkaguzi aliporudi na tochi, akapiga magoti hata nyuma ya altare, aliinuka na vumbi la magotini tu.

Nilton, mwanangu, mikono yako Mungu aibariki. Lakini kuziba shimo ni kazi ya saruji; kubadili namna ya kutimiza ahadi iliyowekwa kwa Mbingu, mbele ya soko zima linalocheka, hiyo ni kazi ya imani. Wapo wanaonong'ona kwamba Mama Eduviges alivunja nadhiri yake. Watazameni wachukuzi wale walivyonona, kisha mniambie imevunjika wapi!

Mheshimiwa Meya, tunajua ufunguo wa lango ulitayarishwa kwa ajili yako. Kamati ya soko inakuomba radhi na kukunyang'anya. Mama Eduviges, njoo uushike. Soko ni lako kulifungua.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Haya, tuingie tukauze!