Asihutubie Juu ya Jeneza Langu

Sogeeni, Arshavir, Nvard, mnisikilize wanangu, ulimi ungali wangu. Nyumba hii ya Yerevan ni yenu wote wawili. Miti ya aprikoti kule Ashtarak ni ya Nvard, maana ndiye aliyeimwagilia. Hayo yamekwisha. Linalonichoma ni jingine.

Jana Galstyan, mkurugenzi wa taasisi yetu ya hisabati, kaja hapa na konyaki yake: "Mama Haykanush, siku yako ikifika nitahutubia mimi mwenyewe." Yeye! Maisha yangu yote nimechunguza kwa hesabu visahani vyekundu na vyeupe vilivyotawanywa kwa bahati nasibu juu ya uwanja usio na mwisho, vya rangi tofauti visigusane. Nikathibitisha kwamba mtawanyiko wa namna hiyo upo kweli. Je, sheria inayoongoza bahati hiyo ni moja tu? Vikiwa vichache, ndiyo. Galstyan akatangaza ni moja daima, akavishwa nishani. Majira yale ya baridi tusiyokuwa na umeme, nikasimama mbele ya wenzangu wamejikunyata makotini, nikaonyesha kwamba vikisongamana, rangi iliyoshika mipaka ya mbali hutawala uwanja mzima, kwa hiyo sheria moja haitoshi.

Mnajua Galstyan alinijibu nini? "Mama, nenda jikoni kaviringishe dolma zako za majani ya mzabibu." Wakacheka, hata marafiki wa baba yenu! Nikafukuzwa kazi. Baba yenu akapasua kabati tupate kuni, nami nikaandika na glavu mkononi. Dunia ilipokubali hesabu yangu, Galstyan akasema jambo hilo aliligundua yeye!

Nawe, Arshavir, jana ukambusu shavu! Ati, "Mama, yamepita, ataniajiri." Yamempita nani? Mimi bado yananikaba!

Basi sikieni. Atakayesema ni Zaruhi, mwanafunzi wangu, aliyekuja kusoma jikoni kwangu wenzake walipoogopa hata kunisalimia. Galstyan akija, mpeni kiti, mpeni chakula, sisi si washenzi. Akifumbua mdomo, Nvard, anzisha wimbo, na wewe Arshavir uupokee, kwa sauti. Niahidi. Usitikise kichwa tu, sema.

...Haya. Nimekusikia.

Nipe mkono. Na wewe, Nvard, shika huu mwingine. Mungu awalinde, awape nyumba zenye moto, awape... Mbona mkono wako una baridi hivi, mwanangu? Sogea. Sogeeni wote. Nawabariki... nawaba...