Ishara ya Mwalimu Ercole

Benchi letu liko nje ya baa ya Gina, hapa kijijini Assergi, Italia, mlima ukiwa mgongoni. Chini ya mlima huo kuna maabara, na Nunzio anafanya kazi humo. Wamejaza tangi gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, wakingoja chembe fulani iigonge: chembe ya ile maada ya giza wanayosema imejaa ulimwenguni na haionekani. Leo kaja mapema, kanuna, kahawa yake imepoa.

— Vipi, daktari, akaanza mfuga kondoo tunayemwita Jibini. Mmeikamata?

— Hatuna kitu, akasema Nunzio.

— We! Si ulisema mmeiona?

— Ilikuwa bandia. Kuna mwenzetu kazi yake kupenyeza ishara za uongo kwenye vipimo, kwa siri, tusije tukajidanganya. Jana katuonyesha zipi ni zake. Na ile ni yake.

— Huyo si mwenzenu, huyo ni mchawi! akasema Komeo, tuliyempa jina hilo enzi alipokuwa mlinzi wa lango la maabara.

— Tulikubaliana wenyewe, Komeo. Na tulikubaliana mtu asifungue mdomo kabla hajatuonyesha.

— Mimi niliwaambia, akadakia Jibini. Hiyo maada ni watu wetu waliofukiwa na tetemeko. Hawaonekani, lakini wanatuvuta.

— Acha kuzua, akasema Komeo. Ni mlima. Wameutoboa tumbo, sasa unawaficha hiyo chembe makusudi.

— Mlima una akili?

— Kukushinda wewe!

Sote tulijua Nunzio alimfungulia nani mdomo. Mwalimu Ercole, aliyemfundisha kazi, alikuwa hoi hospitalini baada ya kuisaka chembe hiyo maisha yake yote. Nunzio alimwinamia sikioni: tumeiona. Mzee akalia kwa furaha, na alfajiri akafa. Hata mimi nisingeweza kunyamaza mbele ya kitanda kile.

Ndipo akaja Bi Assunta, mjane wa Mwalimu Ercole, na koti lake jeusi. Tukasimama. Akaketi karibu na Nunzio, akatoa kipande cha karatasi tupu na penseli.

— Mwanangu, fundi wa jiwe la kaburi ananingoja. Nataka achonge ile ishara mliyoiona. Ilikuwaje?

Nunzio akanitazama mimi. Nikatazama kikombe changu.

— Nichoree hata kidogo tu, akasema Bi Assunta. Ercole aliniambia ilikuwa nzuri.