Torunn Hajavua Taji

EIVIND: Haloo? Nani mwenzangu?

TORUNN: Ni mimi. Nanong'ona, usinikatize—

EIVIND: Torunn? Kanisa limejaa, mpiga fidla kashachoka, na bibi harusi— uko wapi?

TORUNN: Bado niko huku mlimani, kwa Bibi.

EIVIND: Umeghairi tena.

TORUNN: Sijaghairi. Niko chooni.

EIVIND: Saa nzima?

TORUNN: Choo cha nje, Eivind. Bibi kanivisha taji la ukoo, nikasema nijisaidie kwanza ndipo tushuke. Nafungua mlango nitoke, elgi huyo hapo, yule kulungu jitu, katoka msituni. Jike, kamzidi farasi wa baba yako. Na ana mapacha.

EIVIND: Mwaka jana ulisema ni mafua.

TORUNN: Sikiliza basi— [mlio mwembamba] —umesikia?

EIVIND: Kama njuga hivi.

TORUNN: Vipuli vya fedha vya taji. Nikitikisika tu vinalia, na mtoto mmoja kavipenda. Anakuja kuchungulia kwenye tundu la mlango. Mama yake naye nyuma, masikio kayalaza. Nikicheka vinalia, vikilia nacheka.

EIVIND: Na Bibi?

TORUNN: Yuko dirishani na kahawa yake. Ananipungia mkono.

EIVIND: [Anacheka.] Jamani. Mama ananiuliza nacheka nini kanisani.

TORUNN: Mwambie mkwe wake anatazamana na pua ya— ala, kaingiza ulimi. Kanilamba kiwiko.

EIVIND: Livue hilo taji, livingirishe kwenye sketi, ukae kimya. Wataondoka wenyewe.

TORUNN: Silivui.

EIVIND: Torunn, elgi mwenye watoto anaua mtu.

TORUNN: Najua. Ila Bibi kasema anayelivua kabla ya kanisa haolewi.

EIVIND: Tangu lini unaamini mambo ya Bibi?

TORUNN: Tangu asubuhi.

EIVIND: Mwaka jana nilisimama hapa hapa na maua mkononi. Watu wananitazama vile vile. Niambie ukweli, utakuja?

TORUNN: Ningetaka kukukimbia ningelivua zamani, elgi wangejiendea zao, na saa hizi ningekuwa Uswidi. Nimekaa chooni na taji kichwani, mguu umekufa ganzi. Unataka jibu gani jingine?

EIVIND: [Simu inakwaruza.] Namleta mpiga fidla. Apige kule chini mtoni, mtoto afuate mlio, mama amfuate mtoto.

TORUNN: Apige akiwa ndani ya gari.

EIVIND: Ndani ya gari. Na watu wote hawa?

TORUNN: Wapeni uji wa malai, waanze karamu. Chaji inaisha, mpenzi. Uje na viatu vyangu, hivi vya Bibi vinanibana. Haya, kwaheri, mama mtu kasogea mlango—

EIVIND: Torunn? Torunn, nakuja. Usilivue.